Bunduki Iliyonukia Chapati

Pikipiki iliteleza mchangani, ikapinduka, uma wa mbele ukakatika. Katikati ya kichaka cha Itigi jamani! Matawi yamesukana kama kikapu, hatua tano mbele huoni kitu. Zefania, askari wanyamapori, akainuka, akaanguka tena. Paja limechanika, damu inashuka mpaka kwenye buti.

"Maji?"

"Nusu chupa, mzee," akasema Ritha, afisa misitu aliyetoka chuo juzi tu. "Reli iko kaskazini. Funga kidonda twende."

Hapo ndipo simba jike akaguna vichakani. Amenusa damu.

Zefania akalenga, akavuta. Ta! Yaani mlio wa ulimi, si wa bunduki. Simba akasogea. Ritha akarukia honi ya pikipiki, akaibana. Piiii! Simba akarudi nyuma kidogo.

"Usiitoe risasi kwanza!" akafoka Ritha. "Ikichelewa kulipuka je?"

Wakasubiri, mdomo wa bunduki ukiangalia vichaka. Kisha Zefania akaitoa, akajaribu ya pili. Ta! Ya tatu. Ta!

Ritha akaokota risasi moja. Fataki ya kitakoni ilikuwa na kikovu kidogo kama imeng'atwa na siafu.

"Risasi ni nzima. Pini ndiyo inagonga kinyonge. Lete hapa, wewe bana honi!"

Jeshini, JKT, walimfundisha Ritha kuifungua bunduki hata gizani. Akatoa risasi zote, akachomoa bolti yenye pini, akaitikisa. Kimya. Pini imenasa ndani. Akainusa.

"Mzee, mbona inanukia chapati?"

Zefania akatazama pembeni. "Mafuta ya alizeti. Ya mama Dina, muuza chapati."

"Alizeti?!"

"Mafuta ya bunduki nimeomba tangu masika! Bosi Urbano akanijibu, 'Singida nzima inaogelea mafuta, wewe unakosa ya kupaka bunduki?' Nikapaka!"

"Ikikauka inakuwa gundi! Kikaango cha mama Dina hujawahi kukishika kwa nje? Mzee wangu nakuheshimu, lakini leo ungetuzika!"

"Utanigombeza baadaye. Petroli iko kwenye tangi."

Ritha akang'oa mpira wa tangi, akaimwagia bolti, akasugua kwa pindo la shati, akamwagia tena. Utando wa njano ukatoka. Honi sasa inalia kama kifaranga. Akafuta, akapuliza, akatikisa. Kacha, kacha. Pini inacheza!

Honi ikakata. Simba akatoka vichakani, tumbo likigusa mchanga.

Bolti ndani. Magazini ya risasi. Koki. Ritha akalenga juu ya kichwa cha simba.

Paa! Risasi ya pili ikajipakia yenyewe. Paa!

Vumbi lilipotulia simba hayupo. Vibarua wa reli walisikia milio, wakaja na mapanga wakifyeka, wakambeba Zefania mpaka kituoni.

Kesho yake, Zefania akiwa wodini na nyuzi pajani, Ritha aliingia ofisini kwa Urbano.

"Shikamoo."

"Marahaba. Pole! Si mmerudi lakini?" Urbano akacheka.

Ritha hakucheka. Akapanga zile risasi tatu zilizogoma mezani, akalaza na bunduki kando yake.

"Doria ya leo nenda wewe, bosi. Mpaka mafuta ya bunduki yaje. Na ujue kabisa, honi imekufa."