Mpini wa Pembe

Asubuhi hiyo Luqman aliikuta brashi yake ya kunyolea imelowa. Akaiminya, povu la moto likamtoka kati ya vidole, na birika lenyewe lilikuwa bado halijabandikwa.

"Mama Yasmin, umechezea brashi yangu?"

"Mimi na brashi yako wapi na wapi?" Bushra alimjibu kutoka kitandani, mtoto kifuani. "Mwenzio nimo ndani ya arobaini, nywele zangu mwenyewe sijazichana, nikanyoe ndevu za nani?"

Luqman akacheka. Angelijua, asingelicheka.

Alikuwa kinyozi, mtu wa Tanga aliyehamia ughaibuni kusini, mwenye kibanda Jules Street kule Malvern na chumba cha kupanga Troyeville. Mashine za umeme alikuwa nazo za kila namna, lakini binti yake huyu, Yasmin, aliyekuja baada ya mimba mbili kuharibika, Luqman aliapa hatamgusa kwa mashine. Siku ya arobaini nywele zake za uchanga zingetoka kwa povu na wembe, kama baba yake Luqman alivyowanyoa watoto wa Ngamiani kule Tanga, kisha zizikwe. Ndiyo maana akanunua kwenye mitumba ya Fordsburg ile brashi kuukuu. Mpini wake wa pembe ulikuwa mzuri, ila manyoya yalishakatikakatika.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, siku chache kabla ya asubuhi ile ya povu. Luqman aliingiwa na wasiwasi kwamba manyoya yale ni ya nguruwe. Nguruwe kichwani mwa mwanawe? Astaghfirullahi! Akaishikilia brashi juu ya mvuke wa birika mpaka gundi ikalegea, akang'oa manyoya, akachokonoa tundu la mpini kwa ncha ya kisu. Chini kabisa kikatoka kishungi cha nywele nyeusi, laini, kimefungwa kwa uzi mweusi. Nywele za mtu, tena za mtoto mchanga! Kinyozi mzima alishindwaje kuzijua? Lakini akili yake yote ilikuwa kwa nguruwe. Akakusanya kila kitu, akatia chooni, akavuta maji, akanawa mikono mara saba, moja kwa udongo. Nywele za binadamu huzikwa, hata mtoto wa chuoni analijua hilo, na yeye kazipeleka na kinyesi. Kisha akaupiga mpini msasa, akaung'arisha kwa mafuta, akagundisha manyoya mapya ya farasi, akakaa kujisifu.

Tangu povu lile, chumba kikawa kinanuka sabuni ya kizamani, na nyuma ya sabuni, damu. Mchana kweupe bafuni kulisikika kwaru, kwaru, kwaru, sauti ya wembe kwenye ngozi, na hakuna mtu. Bushra alisikia, akamvuta mtoto karibu. Luqman alisikia, akawasha redio. Mtoto ndiye aliyekuwa akigeuza kichwa.

Jumamosi umeme ukakatika mtaa mzima. Gustave, Mkongomani wa Lubumbashi aliyekuwa mlinzi wa duka, akaja kunyolewa pale pale chumbani.

"Ndugu, unitengeneze muzuri," alisema akikaa mbele ya kioo. "Leo miye ndiye parrain, musimamizi wa bwana arusi, kwa ndoa. Watu wote wataniangalia."

"Sharp, kaka. Tulia tu."

Luqman akampaka povu, akaona brashi inamtangulia mkono, inazunguka shavuni yenyewe, inapanda hadi kwenye nywele za kichwa alikokuwa hajaambiwa apake, na alipotaka kuiweka chini vidole vikagoma, na mkono wa pili, uliokuwa na wembe, ukawa mzito kama mtu ameulalia, ukatelemka toka kipajini, ukapita mfupani, ukalichukua sikio zima la Gustave likaangukia kwenye beseni la povu, na bado ukawa unarudi, unatafuta ngozi ya kichwa, huku Gustave akipiga yowe na damu ikiruka mpaka kwenye kioo.

Bushra alimtia mtoto mgongoni, akanyakua mchi wa kinu, akampiga mumewe kifundo cha mkono. Wembe ukaanguka.

Gustave akarudi nyuma hadi mlangoni, taulo limejaa damu. Hakumtukana mtu. Alinong'ona tu.

"Haiko weye, Luqman. Minaona ku kioo. Kulikuwa mukono ingine juu ya mukono yako."

Majirani wakamkimbiza hospitali. Bushra akampigia simu Bi Masika, Mzanzibari muuza udi wa Fordsburg, ambaye kuuza udi kulikuwa kazi yake ya hadharani. Alifika jua bado liko juu, na jiko lake la mkaa na bakora. Alimkuta Luqman amekaa sakafuni, brashi imemganda kiganjani, haibanduki.

"Wewe ni nani?" Bi Masika aliuliza, akamchapa bakora ya mgongo. "Sema!"

Sauti iliyotoka haikuwa ya Luqman. "Nilitulizwa kwa nywele za mtoto. Mmezitupa chooni. Nipeni nyingine."

Bi Masika akamvuta Bushra pembeni. "Mwanangu, nisikilize," alinong'ona. "Anayetangulia kuzitwaa nywele za uchanga ndiye mwenye mtoto. Kitu hiki kisimguse mwanao."

Hajamaliza, Luqman akasimama. Akamtupa Bi Masika ukutani, meno ya yule mama yakamwagika, akaokota wembe kwa mkono wa kushoto na kumwendea Bushra, analia kwa macho yake mwenyewe na kucheka kwa mdomo usio wake, anasema, "Mke wangu, kimbia," na papo hapo, "Mvue mtoto kofia," na Bushra, aliyempenda mtu huyu tangu Tanga, hakukimbia, aliudaka ule mkono wenye brashi, akaukandamiza ndani ya makaa ya jiko la Bi Masika, akaukalia kwa uzito wake wote huku wembe ukimchana bega, manyoya yakawaka, nyama ikawaka, mpini ukapasuka kwa kishindo, na chumba chote kikalia kwa sauti ya watu wengi.

Kisha kimya. Luqman akaita, "Bushra," kwa sauti yake.

Vidole vitatu vya mkono huo vilikwenda. Vipande vya mpini wakavizika uani. Bi Masika, mdomo umevimba, alimfunga Yasmin kofia kwa fundo alilolisomea. "Isivuliwe mpaka siku yenyewe. Na anyoe baba, hata kwa kushoto."

Bushra hakumweka mtoto chini tena. Alilala naye, alikula naye, aliingia naye msalani.

Siku ya arobaini watu walijaa, pilau ikanukia, hata Gustave alikuja na sikio lake moja na kanga mbili za zawadi. Muungwana yule. Luqman alishika wembe kwa mkono wa kushoto, akasema bismillahi. Fundo la Bi Masika lilikuwa vile vile, halijaguswa. Bushra akalifungua, akavua kofia.

Kichwa cha Yasmin kilikuwa cheupe, kimenyolewa, hakina hata unywele mmoja.

Vigelegele vikakatikia kooni. Luqman akageuka kutafuta beseni. Kando ya beseni, mpini wa pembe ulikuwa umesimama mzima, unang'aa kwa mafuta, na juu yake nywele nyeusi, laini, zimefungwa kwa uzi mweusi. Aliigusa brashi hiyo kwa vidole viwili alivyobakishiwa. Povu lilikuwa bado la moto.