Muhuri Ulioinama

Kila asubuhi saa mbili na nusu, redio ya ofisi ya wakaguzi wa usalama wa nyuklia mjini Okiura hupiga kinanda, na watu saba husimama nyuma ya viti vyao kunyoosha viungo. Mikono juu, mikono chini, kiuno kulia, kiuno kushoto. Wakimaliza, kila mmoja hutoa muhuri wa jina lake na kuugonga kwenye kitabu cha mahudhurio, mkuu wa ofisi akitangulia.

Jumatatu hiyo kinanda kilinyamaza, watu wakasogea mezani, na Mkaguzi Mkuu Hatano Kiyotsugu akafungua droo yake. Akabaki amesimama, mkono ungali ndani.

"Muhuri wangu haupo," akasema.

Inspekta Kuwabara Setsuko wa polisi alisimuliwa hayo na watu sita, mmoja baada ya mwingine, na wote walieleza sawasawa mpaka akachoka kuandika. Tangu mwaka mpya hakuwa amepata siku moja ya kupumzika. Nje theluji yenye maji ilikuwa ikianguka, na soksi zake zilikuwa zimelowa.

"Afande, muhuri nao ni kitu cha kutuita sisi?" Sajini Nezu alinong'ona. "Si achonge mwingine? Pale stesheni kuna duka. Dakika kumi tu."

Kuwabara alimgeukia Hatano, mzee mwembamba wa miaka sitini na minne, goti lake la kushoto limefungwa bendeji chini ya suruali. Mwisho wa mwezi alikuwa anastaafu.

"Mara ya mwisho uliutumia lini?"

"Ijumaa asubuhi, kwenye kitabu cha mahudhurio."

"Na baada ya hapo?"

"Sikuugusa tena."

Mkaguzi mdogo kuliko wote, Iwase Madoka, aliinua kichwa. "Mkuu, na ile ripoti ya Ijumaa?"

Ripoti ya Ijumaa ilikuwa ya mishono themanini na minane ya kulehemu kwenye bomba la maji ya kupozea Kinu Namba Mbili. Ilisema kila mshono umetazamwa kwa macho na hauna ufa. Kwa nguvu ya karatasi hiyo, kinu kilichokaa miaka sita kimezimwa kingewashwa Alhamisi. Na ilikuwa na muhuri wa Hatano.

"Basi aliyeugonga si mimi," Hatano alisema, macho kwenye meza. "Ripoti ni ya kughushi. Ifutwe. Ukaguzi urudiwe."

Kuwabara alifungua kitabu cha mahudhurio. Kila ukurasa, muhuri wa Hatano ulisimama wima upande wa kushoto, na ile mingine sita ilikuwa imelala kidogo kuuelekea, kila mdogo akimwinamia mkubwa wake kwa wino. Hata yeye, mihuri yake ilikuwa imeinama hivyo kwa miaka ishirini na sita. Alikifunga kitabu.

Meneja wa kinu, Bwana Kusunoki, aliwapokea Kuwabara na Nezu kwenye geti la kinu, kofia yake ngumu mkononi.

"Mimi niibe muhuri?" Alicheka bila furaha. "Mama, Alhamisi hii nimeingoja miaka sita. Mji mzima unaingoja. Hata mwenye duka la tambi ameshaagiza unga wa ziada. Muhuri umepotea kwao, mnakuja kutafuta kwangu? Ulizeni humo humo ofisini kwao. Nani anatunza funguo za akiba?"

Jibu lilitoka maabara Jumanne asubuhi. Kufuli la droo halikuvunjwa. Kwenye droo kulikuwa na alama za vidole za Hatano peke yake. Lakini bahasha ya ufunguo wa akiba ilikuwa imejaa alama za Iwase Madoka.

Alihojiwa katika chumba kidogo kituoni. Alikuwa na miaka ishirini na saba, na alikaa mgongo umenyooka.

"Nani anafungua sefu ya funguo?"

"Mimi. Ndiyo kazi yangu. Mngekuta alama za mtu mwingine, hapo ndipo mngeshtuka."

"Ijumaa mchana ulikuwa na nani ofisini?"

"Peke yangu, mpaka nilipokwenda kula."

"Kaka yako anafanya kazi wapi?"

"Kwenye kinu. Afande, hapa Okiura hata paka ana ndugu yake kwenye kinu."

Nezu alicheka, kisha akajikohoza.

"Ripoti hiyo ilipataje muhuri wa mkuu wako?"

"Niliiandika kutoka kwenye daftari lake. Nikagonga wangu, nikaiacha mezani kwake, nikaenda kula. Niliporudi, wake ulikuwepo. Nikaipeleka."

"Hukumwona akiugonga?"

"Nani anasimama kumtazama bosi wake akigonga muhuri?"

"Ulimuuliza chochote kuhusu ripoti?"

"Kitu kimoja, asubuhi aliponipa daftari. Mshono wa themanini na nane uko chini ya ngazi, nyuma ya bomba. Lazima ulale chali ndipo uuone. Nikalifikiria goti lake. Nikamuuliza kama aliuona mwenyewe."

"Akasemaje?"

"Kwamba ameuona. Nikaona haya kwamba nimemuuliza. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi hii."

Kabla ya saa sita, makao makuu ya wakaguzi yalipiga simu kutoka Tokyo. Iwase arudishe kitambulisho na abaki nyumbani. Kuwabara aliyapeleka mwenyewe maagizo hayo ofisini, kwa kuwa hakutaka msichana apewe habari kwenye simu. Iwase alitia kwenye boksi ndara zake za ofisini na kikombe, akainama mbele ya wenzake, akatoka kwenye theluji. Hatano alisimama dirishani. Chai yake ilipoa mezani bila kuguswa. Msichana alipofika kwenye geti, mzee aliinamisha kichwa, na hakukiinua mpaka msichana alipotoweka.

Kuwabara aliona.

Alasiri ile alitandaza mezani ripoti arobaini za Hatano, na ile ya Ijumaa pembeni. Katika zote arobaini muhuri ulikuwa wima kama nguzo. Katika ile ya Ijumaa ulikuwa umelala. Haukulala kushoto. Ulilala kulia, kuelekea muhuri wa Iwase, ambao nao ulikuwa umelala kushoto kama kawaida. Mihuri miwili ilikuwa ikiinamiana.

"Labda mkono uliteleza," alisema Nezu.

"Mwizi anaghushi kwa kuiga, Nezu. Angeusimamisha wima, kama hii arobaini. Na mdogo anayeghushi, mazoea yangemvuta kushoto. Nani anainamia kulia?"

Nezu alikuna shingo. Alitazama karatasi kwa muda mrefu kuliko kawaida yake.

"Mkubwa anayemwomba radhi mdogo wake," alisema taratibu. "Mimi sijawahi kumwona."

"Hata mimi," Kuwabara akasema, na akajisikia amechoka mpaka kwenye mifupa.

Jumatano asubuhi walivaa mavazi meupe ya kinga, vipimo vya mionzi kifuani, wakaingia jengo la pampu: Kuwabara, Nezu, Hatano, na Kusunoki aliyekataa kubaki nyuma. Walisimama juu ya ngazi ya chuma iliyoshuka gizani. Mafundi walikuwa wakifanya kazi kwenye sakafu za juu, nyundo zikilia.

"Bwana Hatano, nionyeshe mnavyokagua," Kuwabara alisema.

Mzee alinyoosha mkono, kidole kikauelekea mshono wa karibu. Ndivyo wafanyavyo wote: kidole kinaonyesha, mdomo unataja kwa sauti, ili macho yasidanganye.

"Mshono wa themanini na tano. Nimeuona. Hauna ufa." Sauti yake ilikuwa ya kijana. "Themanini na sita. Nimeuona. Hauna ufa. Themanini na saba. Nimeuona. Hauna ufa."

Kidole kikashuka kuelekea chini ya ngazi. Kikabaki hapo. Mdomo ulifunguka, ukafungika.

Kuwabara alitoa nakala ya ripoti iliyokuwa ndani ya mfuko wa plastiki.

"Muhuri huu umemwinamia Iwase," alisema. "Hakuna mwingine wa kufanya hivyo ila wewe."

Hatano alishusha mkono.

"Goti liligoma kwenye kipago cha tatu," alisema. "Chini kulikuwa na fundi wa kampuni. Nikamuuliza, 'Mshono uko sawa?' Akajibu, 'Uko sawa.' Nikaandika nimeuona. Miaka thelathini na minane, Afande, na wiki tatu zilizobaki. Nikajiambia, ni mmoja tu."

"Kwa nini hukusema siku ile ile?"

"Kwa nani? Wote pale nimewafundisha mimi wasiandike macho ya mtu mwingine. Halafu yule binti akaniuliza, nikamdanganya usoni. Nilipogonga, mkono wenyewe uliinama." Alifuta miwani iliyojaa ukungu. "Nikafikiri muhuri ukiibwa, karatasi itakufa yenyewe. Mshono utatazamwa, na mimi nitaondoka na heshima yangu. Sikufikiri mtamshika yeye."

"Ulidhani tungemshika nani?"

Mzee aliirudisha miwani usoni.

"Muhuri uko wapi?"

"Kwenye kabati la viatu, ndani ya kiatu changu. Nilikwenda nao mpaka ukuta wa bahari, mara mbili. Baba alinichongea siku nilipopata kazi. Nikashindwa."

Kusunoki alisogea, sauti ya chini, karibu ya upole. "Mzee wangu, mshono huo mafundi wetu wameupima mara mbili. Uko sawa. Tuandike tu kosa la karatasi, yaishe. Kesho watu wanakuja na maua—"

"Bwana Kusunoki," alisema Kuwabara, "nyamaza kidogo."

Hatano alishika chuma cha ngazi kwa mkono mmoja. Ule mwingine aliunyoosha tena, kidole kikaelekea gizani, na akapaza sauti mpaka nyundo za juu zikanyamaza.

"Mshono wa themanini na nane. Sikuuona. Msiwashe kinu."