Saa Tatu Nilizoongeza kwa Mkono

Kompyuta sikusomea darasani. Nimejifundisha mwenyewe, na nikikosea nasema. Hapa nilikosea.

Dada yangu mkubwa ni muuguzi. Zahanati yao niliitengenezea ukurasa wa kuandikia ripoti za zamu. Mashine inayouhifadhi iko ng'ambo, saa tatu nyuma yetu. Badala ya kuiambia programu tuko ukanda gani wa saa, nikaongeza saa tatu kwa mkono. Uvivu tu.

Asubuhi moja, saa nne, dada akanipigia.

"Kichwa Ngumu, ukurasa wako umelewa. Unasema saa saba."

Jina hilo ananiita yeye peke yake. Nikafoka, nikafungua. Kweli. Wenye mashine walikuwa wameibadilisha ifuate saa za kwetu, na zile tatu zangu zikapanda juu yake. Nikazifuta, nikaandika ukanda. Ripoti zote zikarudi mahali pake.

Moja ikagoma. Saa saba kamili, leo. Saa saba haijafika. Ilikuwa ya dada, imeandikwa:

"Kichwa Ngumu, nimefungiwa stoo ya dawa. Hewa inaisha."

"Dada, umeandika nini hapa?"

"Sijaandika kitu. Stoo kwenyewe sijaingia, ndiyo nataka kwenda kuchukua bandeji."

"Usiingie! Nakuja."

Nilimkuta kwenye benchi, mbele ya mlango wa stoo, ufunguo mfukoni. Nikaketi naye kuingoja saa saba, nikamshika mkono. Ulikuwa wa baridi.

Saa saba kamili mlango ukagongwa. Kutoka ndani.

Taratibu kwanza. Kisha kwa kucha.

"Usifungue," dada akanong'ona.

Simu yangu ikatetemeka. Ripoti mpya.

"Kichwa Ngumu, huyo uliyekaa naye ni nani?"

Nikamnyang'anya ufunguo. Nikafungua.

Hakuna mtu. Maboksi tu, na bandeji. Ila upande wa ndani wa mlango kulikuwa na mikwaruzo kumi, mibichi. Ukucha mmoja ulikuwa umenasa kwenye mbao, una rangi nyekundu ile ile anayopaka dada.

Nikageuka nimtazame vidole. Kucha kumi. Zote nzima.

Huu ni mwezi wa nne. Anacheka, anapika, anakwenda kazini. Lakini tangu siku ile huniita kwa jina langu la shuleni. Na programu nimeikagua mpaka macho yameuma: ripoti za wenzake ziko sawasawa. Za kwake tu zinatangulia saa tatu.