Buti za Namba Thelathini na Nne

Kila asubuhi Pilipili alipokuwa akivaa sare ya shule, baba yake alikuwa akivua sare ya kazi. Mmoja anatoka, mwingine anaingia. Walipishana mlangoni, mtoto ananukia sabuni, baba ananuka jasho na vumbi la magunia.

Jina la Pilipili alipewa na bibi yake, kwa kuwa mtoto huyo alikuwa mwepesi wa kuwaka. "Huyu ukimgusa tu, mkono unakuwasha mpaka kesho," Bibi alikuwa akisema.

Baba alikuwa mlinzi. Zamani aliajiriwa na kampuni, nayo ikampa kila kitu, hata filimbi. Siku hizi alijiajiri mwenyewe. Alilinda ghala la nafaka, na vitu vya kazi alinunua kwa fedha yake: buti, koti la mvua, tochi na betri zake. Kila risiti aliitia kwenye kopo la maziwa ya unga lililokaa juu ya kabati.

Jioni moja Pilipili alimkuta amezimwaga risiti hizo kitandani.

"Za nini zote hizi, Baba?"

"Za kodi, mwanangu. Mimi sitozwi kodi kwa kila senti ninayolipwa. Kwanza naondoa gharama za kazi. Betri iliyokwisha nikimulika ghala la watu, hiyo si faida yangu, au siyo? Kinachobaki ndicho kinachotozwa. Lakini kila gharama lazima iwe na risiti yake."

Pilipili akawaka. "Hata hicho kinachobaki, kwa nini wakichukue? Unakesha wewe, wao wamelala!"

"Na barabara ya kwenda shuleni kwenu aliitengeneza nani, mjomba wako?" Bibi aliuliza kutoka jikoni.

"Basi na viatu vyangu vya shule waviondoe! Hivi vimeachama kama mamba."

"Viatu vyako ni vya nyumbani," Baba alisema. "Havilindi ghala." Akampa fedha akanunue vipya.

Pilipili alikwenda kwa muuza viatu, ambaye mtaa mzima ulimwita Soli. Alijaribu, vikamkaa sawasawa. Lakini hasira ilikuwa bado inamtokota. Soli aliposhika kalamu kuandika risiti, msichana akamwambia, "Usiandike viatu vya shule. Andika buti za ulinzi."

Soli akacheka. "We mtoto, umeanza lini kukamata wezi?"

"Andika tu. Ni za Baba."

Soli akaandika. Pilipili akaitumbukiza risiti ile koponi, akajiona shujaa aliyemtetea baba yake. Hakumwambia mtu.

Wiki kadhaa zikapita. Siku moja mchana, saa ambazo Baba huwa amelala fofofo, mlango ulisukumwa ukagonga ukuta.

"Wamezikataa risiti zangu!" Baba alifoka. "Zote! Yule ofisa wa kodi kaniuliza mbele ya watu, 'Mzee, una miguu mingapi?' Namwambia miwili. Ananiambia, 'Mbona umenunua buti jozi mbili mwezi mmoja, moja namba arobaini na nne, nyingine namba thelathini na nne? Mguu wako unanywea?' Watu wakaangua kicheko. Mimi, mtu mzima na ndevu zangu!"

"Si moja tu yenye kasoro?" Bibi aliuliza.

"Anasema risiti moja ikinuka, kopo zima linanuka. Bila gharama zile kuondolewa, kodi itakuwa kubwa, siiwezi. Nisipolipa sipati cheti cha kodi. Na mwenye ghala anataka cheti Ijumaa, la sivyo ulinzi wa ghala ataipa kampuni. Kazi imekwenda!" Akanyakua rungu lake ukutani. "Ni Soli huyu! Kanichanganyia risiti, mpumbavu yule. Leo atanijua!"

Pilipili alikuwa amesimama kando ya kabati. Kumbe Soli ndiye atakayepigwa!

Bibi alikuwa amekwishasimama mlangoni, mikono kiunoni, lakini macho yake hayakuwa kwa mwanawe. Yalikuwa kwa mjukuu.

"Kitendawili!"

"Mama, huu si wakati wa vitendawili! Nipishe!"

"Kitendawili, nimesema."

Baba akasaga meno. "Tega."

"Nina mtumishi wangu. Kila nikimtuma, anarudi kuomba mwenzake wa kumsaidia."

"Sijui, na sitaki kujua!"

"Ni uongo," Pilipili alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Na wa kwangu sasa umeomba mwenzake, Baba. Soli hakukosea. Mimi ndiye niliyemwambia aandike hivyo. Ni hivi viatu vyangu."

Rungu liliteremka polepole. Baba hakupiga kelele tena, na hilo lilimuuma Pilipili zaidi ya kelele.

"Umenivua buti zangu miguuni," alisema. "Zile nilizonunua kwa haki. Umenivua."

Kesho yake asubuhi Baba hakulala. Alimwombea mtoto ruhusa shuleni, wakaenda pamoja ofisi ya kodi. Ofisa yule yule, mama mwenye miwani na sauti kavu, alimtazama Pilipili kuanzia utosini hadi kwenye viatu.

"Shikamoo, Mama," Pilipili alisema. "Buti za namba thelathini na nne ni hizi. Ni za shule. Baba hakujua. Nilidanganya mimi."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa na hasira. Baba anakesha, halafu nyinyi mnachukua."

Mtu mmoja kwenye foleni akasema, "Sema, mwanangu, sema!" Ofisa akamtupia jicho.

"Hasira yako imemsaidia nini baba yako?"



Ofisa akaipiga mstari risiti ile, kisha akazipitia nyingine moja moja kwa uso uliokunjamana. Alitaka kuiona tochi. Alitaka kuliona koti. Baba akanyanyua mguu kuonyesha soli ya buti, pale palipochapwa arobaini na nne. Mwishowe mama yule akagonga muhuri.

"Gharama zako nimezikubali. Lakini wewe nawe, Mzee, ulitia sahihi bila kuzisoma. Ukirudia, hatutaelewana."

"Nimekosa, Mama," Baba alisema.

Baba alilipa kodi iliyobaki, na Alhamisi cheti kikawa mezani kwa mwenye ghala. Lakini siku ile ile, walipotoka getini mwa ofisi ya kodi, Pilipili aliuliza, "Baba, bado umenikasirikia?"

"Sana. Tukitoka hapa nakupeleka kwa Soli umwombe radhi, na yeye nina neno naye, maana aliandika akijua." Akatembea kidogo, kisha akasimama. "Sikwambii usikasirike, mwanangu. Hata mimi kodi inaniuma. Lakini zile betri, lile koti, zile buti, kuziondoa ilikuwa haki yangu. Hakuna aliyekuwa na uwezo wa kuninyima. Haki hiyo ilikuwa mtungi wa maji safi, wewe ukatia tone moja la mafuta ya taa, eti uyaongeze. Nani angekunywa tena? Haki haiongezwi kwa uongo. Ukiiongeza, unaimwaga yote."