Visahani vya Amur

Nisikilizeni ndugu zangu, hasa ninyi mlioacha watu nyumbani wakiwasubiri.

Sabuni na sukari zilipoanza kurudi madukani, baada ya miaka ya foleni, palifunguliwa mkahawa mdogo mtaani Raskazone wenye meza tano tu. Mwenyewe alikuwa Bi Pak, Mkorea, mke wa mhandisi wa meli za uvuvi. Kwake huletewi sahani moja iliyojaa. Unaletewa visahani vingi kwa pamoja: kabichi iliyochachushwa kwa pilipili, mchicha wa ufuta, pweza wa tui aliyekolezwa Kikorea. Watu walidonoa huku na huku, wakiongea kwa sauti ya chini, wametulia.

Jioni moja mpishi wake mpya, Mwanamkasi wa mtaa wa Ngamiani, alichungulia kwenye pazia la jikoni akamwona mumewe, Amur, anaingia.

Amur alikuwa amepata mali. Biashara ya nje iliporuhusiwa tena alianza kuleta redio na vitenge kutoka Dubai. Nyumbani alileta maneno tu: "Hali ngumu, mke wangu, vumilia." Kisha hata maneno yakakoma, akawa harudi tena nyumbani. Hakujua mkewe ameajiriwa, kwa sababu hakuuliza wanawe wanakula nini. Tabia, wa mwisho, alikuwa amevimba miguu na nywele zimebadilika rangi. Daktari alisema ni njaa, hakuna kingine. Ndipo Mwanamkasi alipotafuta kazi, na mshahara wa kwanza alikuwa bado hajaushika.

Amur aliketi na Mzee Shaib, tajiri aliyemwagizia bidhaa, pamoja na Khuloud, binti wa mzee huyo, ambaye Amur alikuwa akimposa.

"Kula mzee wangu," Amur alisema. "Kwangu binti yako atakula hivi kila siku."

Mwanamkasi hakulia. Alichukua muhogo aliokuja nao kutoka nyumbani, akakoroga uji wa maji, akavipanga visahani kwa uzuri uleule wa Bi Pak, akavipeleka mwenyewe.

"Chakula gani hiki?" Mzee Shaib aliuliza.

"Shikamoo, mzee. Ni chakula cha nyumbani kwa mwenyeji wako. Muhogo huu ndio waliokula wanawe mchana. Chumvi hii ndiyo kitoweo. Uji ni wa Tabia, hana nguvu ya kutafuna. Na hiki kitupu ni chakula cha usiku."

Amur aliruka kitini. "Simjui huyu! Mwendawazimu!"

"Sawa, hunijui. Mzee, twende Ngamiani sasa hivi ukamwone mtoto mwenye pua kama ya huyu."

Mzee Shaib alikwenda kweli, akaona. Khuloud ndiye aliyempakata Tabia garini hadi hospitali, na mtoto akapona. Posa ikafa hapohapo, na mzee hakumwagizia tena Amur hata kitenge kimoja. Habari zikazagaa sokoni, duka la Amur likafungwa. Bi Pak alikasirika kuharibiwa karamu, akamfukuza Mwanamkasi, kisha akamwita tena wateja walipoanza kumuulizia pweza wao.

Siku moja Amur alirudi Ngamiani, amekonda. Mwanamkasi alimpa kigoda uani. Akapakua wali na samaki, akala na wanawe mbele yake, wala hakumkaribisha. Ninyi watu wa pwani mnajua uzito wa jambo hilo.

"Mama, huyu mgeni hali?" Tabia aliuliza.

"Muache, mwanangu. Huyu hula nje."

Amur akainuka, akatoka, na hakuna aliyemsindikiza.

MAFUNZO

Baba, ukiwanyima wanao ili uwalishe wageni, utafika uzeeni ukiwa mgeni kwa wanao. Majirani, mkisikia mtoto analia njaa, bisheni hodi. Msisubiri mama yake aaibike hadharani ndipo mseme mlijua. Na anayemlaumu Mwanamkasi kwa kukosa huruma, kwanza akaitazame miguu ya Tabia ilivyokuwa.