Jina la Tombe Kwenye Jiwe

Lilly alikuwa fundi cherehani katika mtaa wa Hai Mauna, Juba. Mchana alishona sare za shule. Jioni alikwenda darasa la watu wazima la Mwalimu Josline, jirani yake kutoka Uganda. Utamu wa kusoma ulikuwa umemkolea. Alisoma mifuko ya unga, alisoma mabango, alisoma hata tairi za bodaboda.

Siku moja kamati ya mtaa ilibandika mchoro wa jiwe la ukumbusho wa waliouawa vitani. Watu walipita, wakausifu, wakaenda zao. Lilly alisimama akausoma, kidole juu ya herufi. Juu kabisa palikuwa na jina la mheshimiwa atakayelizindua. Likafuata la mwenyekiti, Mzee Paulino, kisha majina ya wajumbe wake tisa. Chini, kwa herufi ndogo, paliandikwa: "Kwa wote waliokufa."

Alitafuta jina linaloanza na T, asilione. Mume wake, Tombe, alitoka nyumbani asubuhi ya vita na hakurudi. Hana hata kaburi. Lilly aliondoka na uchungu moyoni, akaenda kumwuliza Josline kama na kwingine watu hujenga hivyo.

Josline alimweleza habari za Wayahudi wa Ulaya. Zamani, serikali ya Wanazi wa Ujerumani iliua milioni sita kati yao. Katika kambi walimofungwa, wengine walipewa namba badala ya majina.

"Leo kuna vibao vidogo vya shaba mbele ya nyumba walimoishi," alisema. "Kila kibao ni mtu mmoja. Jina lake, na mwaka aliozaliwa."

"Hata kama hakuwa mkubwa?"

"Hata mtoto mchanga."

Kwenye mkutano wa mtaa Lilly alisimama.

"Mzee, mimi iko na swali. Hili jiwe ni la waliokufa, au la nyinyi mulio hai?"

Mzee Paulino hakuwa mtu mbaya. Alijibu kwamba majina huonyesha kabila. Watu wataanza kuhesabu majina ya kila kabila, na mtaa utagombana tena. Wengi walitikisa vichwa kukubali, maana hofu hiyo waliijua.

Josline akaomba nafasi. Alishauri wapite nyumba kwa nyumba wakikusanya majina. Familia ikubali kwanza, na majirani wawili wathibitishe. Majina yapangwe kwa kufuata herufi, na kila jina liwe na kazi ya mtu, si kabila lake.

"Na Wasswa wa bodaboda?" mjumbe mmoja aliuliza. "Yule alikuwa Mganda."

"Alikufa hapa kwetu," alisema Mzee Paulino polepole. "Basi ni wetu."

Kura ikapigwa kwa kunyoosha mikono, na wengi wakakubali. Mzee alichukua kalamu, akaanza kwa kufuta jina lake mwenyewe kwenye mchoro.

Jiwe lilijengwa ng'ambo ya barabara, mbele ya cherehani ya Lilly. Asubuhi moja mpita njia alisimama hapo akasoma kwa sauti, "Tombe, fundi viatu." Akamgeukia Lilly.

"Mama, huyu alikuwa mtu wa namna gani?"

Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwuliza. Lilly alisimamisha cherehani, akamsogezea kiti.