Mluzi wa Kumwita Mbwa

Haya yalimkuta Badi wa Barani. Ningekuwapo mimi, ningeshuka nikamkamata mwenye mluzi kwa shati, lakini Badi ndiye Badi.

Mwaka wa themanini na nne alimwongoza mzungu mmoja mwenye boti la matanga, hana mwenziwe ila mbwa. Mbwa alikataa kukojoa botini mpaka tumbo likamvimba.

"Tumshushe gatini Kilifi, atakufa huyu!"

"Wazee wanapita na udhu wao kwenda kuswali, wewe uwaletee mbwa?" Badi akamjibu. Akachagua pwani ndogo katikati ya mikoko, isiyo na hata unyayo wa mtu. Kwa nini haina, bingwa wangu hakujiuliza.

Waliacha boti nangani, wakafika kwa kidau wakati wa magharibi, kiza kimeshatanda mikokoni. Mbwa akaruka, akakojoa. Mara mluzi ukalia humo kizani, ule ule ambao mzungu humwitia mbwa wake. Na mzungu yuko ubavuni mwa Badi, midomo kaifumba.

Mbwa akaifuata sauti. Mzungu akamdaka shingoni, wakamrudisha kidauni, wakapiga makasia kama wendawazimu kurudi botini, ambako hawakuacha mtu.

Walipokaribia, mbwa akasimama, akatikisa mkia. Mluzi ulikuwa unatoka ndani ya boti.